Kocha, Taja Bei Yako: Mwongozo wa Kupanga Malipo ya Mazoezi Binafsi

Mteja akiuliza, "Kocha, ni kiasi gani?", makocha wengi huanza kujizungusha. "Inategemea." "Tutaelewana tu." "Kwani wewe una bajeti gani?" Wengine hutaja bei na hapo hapo, kabla mteja hajafungua mdomo, wanaishusha wenyewe: "Lakini kwako nitakufanyia hivi." Mtu huyo huyo dakika tano nyuma alikuwa anamrekebisha mteja mgongo kwenye skwati kwa sauti ya anayeijua kazi yake. Ikifika kwenye pesa, sauti hiyo haisikiki tena.

Mimi naona tatizo ni ile namba yenyewe. Aliisikia kwa mwenzake, au aliikisia kwa kutazama viatu na simu ya mteja. Bei ya kukisia huwezi kuitetea, hata ukiwa peke yako mbele ya kioo. Kwa hiyo tutaanza na daftari na kalamu. Maneno ya kumwambia mteja yatakuja mbele, na utaona yanakuwa mepesi.

Namba zote humu hazina jina la fedha. Weka fedha unayoitumia wewe, kisha badilisha tarakimu zifanane na maisha yako.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako zote

Chukua wiki moja ya kawaida, uandike kila dakika unayoitumia kwa ajili ya wateja. Kipindi cha dakika 60 kinaonekana ni saa moja. Ongeza dakika 30 za kwenda na kurudi, 10 za kupitia rekodi ya kipindi kilichopita na kupanga cha leo, 5 za kujibu ujumbe wa "kocha, goti linauma kidogo, nije au nisije?" Jumla ni dakika 105. Ukitoza 20 kwa kipindi hicho, kwa saa unalipwa kama 11.4, na bado hatujagusa gharama hata moja.

Andika pia mapengo. Kazi hii ina ubaya wake: wateja wengi wanataka alfajiri kabla ya kazi au jioni baada ya kazi. Saa za katikati zipo, lakini hazina mnunuzi. Kocha anaweza kuwa nje ya nyumba kwa saa 14 na akauza saa 5 tu. Ukiyaona mapengo hayo yamekaa kwenye karatasi, utaacha kufikiri kwamba saa zako zote ni sawa. Zile chache za asubuhi na jioni ndizo duka lako lote, na kila nafasi unayoiuza kwa bei ya kutupa ni nafasi ambayo mteja mwingine hawezi kuipata.

Kisha jiulize kwa ukweli: kwa wiki unaweza kusimamia vipindi vingapi kabla hujaanza kuhesabu marudio huku mawazo yako yako kwingine? Wapo wanaojisifu kwa 40. Siwaamini sana. Mteja wa kipindi cha nane kwa siku hulipa sawa na wa kwanza, lakini hapati kocha yule yule. Kwa mfano wetu tutachukua vipindi 20 kwa wiki.

Hatua ya 2: Tafuta sakafu

Sakafu ni ile bei ambayo ukishuka chini yake unamlipia mteja mazoezi kutoka mfukoni mwako. Inapatikana kwa kugawanya tu, lakini wengi hukosea pande zote mbili: juu wanasahau gharama, chini wanahesabu vipindi ambavyo havipo.

Juu ya mstari weka mambo matatu. La kwanza ni mahitaji yako ya nyumbani kwa mwaka mzima. Tuseme 12,000. La pili ni gharama za kazi: kodi ya ukumbi au asilimia unayomkatia mwenye ukumbi, nauli au mafuta, mikanda ya mpira inayochanika, mikeka, viatu, vifurushi vya intaneti, makato ya kupokea malipo, bima ya dhima, ile ya kukulinda mteja akiumia na kukudai fidia, kama unayo (na kama huna, itafute), na masomo. Masomo husahaulika sana. Cheti cha ACE au NASM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti vya ukocha, kinahuishwa kila baada ya miaka 2, cha shirika jingine la huko, ACSM, kila baada ya miaka 3, na ili ukihuishe lazima uwe umesoma kozi za nyongeza na mafunzo yako ya kufufua moyo na mapafu yawe hai. Hayo yote yana ada. Tuseme gharama hizi zimefika 3,000. La tatu ni kodi ya mapato pamoja na akiba ya siku mbaya, maana kocha aliyeteguka kifundo cha mguu halipwi likizo ya ugonjwa na mtu yeyote. Weka 3,000 nyingine. Jumla 18,000.

Chini ya mstari weka vipindi utakavyolipwa kweli. Mwaka una wiki 52. Toa 4 za mapumziko na 2 za kuugua, msiba au kozi, zinabaki 46. Katika vipindi 20 ulivyopanga kwa wiki, 2 hivi vitaanguka: mmoja amesafiri, mwingine mtoto anaumwa. Vinabaki 18. Vipindi 18 mara wiki 46 ni 828.

18,000 ukigawa kwa 828 unapata karibu 21.7.

Sasa linganisha na hesabu ya haraka inayofanywa kichwani: "Nahitaji 12,000, nina vipindi 20 kwa wiki." Hiyo ni 12,000 kwa vipindi 1,040, yaani 11.5. Karibu nusu. Kocha wa hesabu hiyo atakuwa bize Januari hadi Desemba, ukumbi mzima unamjua, na mwisho wa mwaka hataelewa kwa nini anakopa nauli.

Sakafu hii usimwonyeshe mteja. Si kazi yake kujua kodi yako ya nyumba, na wala si sababu ya yeye kulipa. Ni mpaka wako wewe, wa kukuzuia kusema "sawa" pale ambapo hesabu inasema hapana. Katika mfano huu tutaiweka bei kwenye 25, ili juu ya sakafu kuwe na nafasi ya kupumua.

Hatua ya 3: Andika unachouza

Ukijiona unauza saa moja ya kusimama pembeni na kuhesabu "nane, tisa, kumi", bei yoyote utaiona kubwa. Na mteja naye ataiona hivyo.

Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa rekodi za kumbi za mazoezi za Marekani. Wanachama waliojiandikisha kwa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikuwa wakihudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Ukigawa, kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati ukumbi ule ule ulikuwa ukiuza tiketi za ziara 10 kwa dola 10 kila moja. Watu hawa walikuwa na pesa na walikuwa na nia, hata ukumbi walikuwa nao. Kilichokosekana ni kufika. Wewe ukiwa na mteja ambaye jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi anajua kuna mtu anamsubiri mlangoni, na kwa hiyo anakuja, tayari umemuuzia kitu ambacho ada ya ukumbi peke yake haikumpa.

Kuna la pili. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2000, uliwachukua wanaume 20 waliokuwa na mazoea kiasi ya kunyanyua vyuma, ukawapa programu moja ya wiki 12. Kundi moja lilisimamiwa na mkufunzi kila kipindi, jingine lilifanya lenyewe. Waliosimamiwa waliongeza mzigo kwa kasi zaidi na mwishoni walikuwa wameongeza nguvu nyingi zaidi kuliko wenzao. Programu ilikuwa ile ile. Tofauti ilitokana na jicho lililoona kwamba leo anaweza kuongeza, na mdomo uliomwambia aongeze.

Ukilielewa hilo, ligeuze liwe ushahidi wako mwenyewe. Kwa kila mteja fungua ukurasa wenye vipimo vya siku ya kwanza, na urudie kupima kila baada ya wiki nne. Chagua vipimo vinavyogusa maisha yake. Kwa mtu mzima anayelalamika magoti, jaribio la kuinuka kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani, linasema mengi kuliko mzani: mwezi wa kwanza mara 7, mwezi wa nne mara 12. Kwa mwingine ni pushapu ngapi bila kiuno kulegea, au kilo ngapi anainua mara tano kwa umbo safi, yaani mwili ukiwa katika mkao sahihi wa zoezi. Andika namba, tarehe, na maneno yake mwenyewe: "nimepanda ngazi na mizigo bila kusimama." Ukiwa na kurasa kumi za namna hiyo, hutahitaji kujisifia kwa mtu.

Usiuze kilo. Ukiahidi "kilo 10 kwa mwezi", umeuza kitu kinachotegemea sahani yake, usingizi wake na homoni zake, na asipozitoa ataidai pesa yake kwa haki. Uza unachokidhibiti: mpango, usimamizi, vipimo, kuhudhuria.

Ujuzi wa pekee nao una bei. Aliyesomea mazoezi ya baada ya kujifungua, au ya wazee, au ya wakimbiaji wanaorudi baada ya jeraha, ana haki ya kutoza juu ya kocha wa mazoezi ya jumla, kwa kuwa mteja wa aina hiyo hana pengine pa kwenda palipo salama. Sharti ni kwamba umesoma kweli, na unajua pa kuishia. Maumivu yanayoshuka mguuni hadi kwenye kidole ni ya daktari, na kumwambia mteja hivyo bila kumtoza kunakujengea jina kuliko kipindi chochote.

Hatua ya 4: Tazama soko, halafu lifunge

Ulizia bei za makocha watano au sita wanaohudumia watu wa aina unayoitaka. Andika pia kilichomo: dakika ngapi, ni mtu mmoja au kundi, kuna mpango wa kufanya nyumbani? Utagundua kwamba "bei ya soko" ni bei kadhaa za vitu tofauti. Lengo la hatua hii ni kujua kama umejiweka chini, katikati au juu, ili usishangae mteja akikutajia jirani. Baada ya hapo acha. Kunakili bei ya mtu ambaye hujui sakafu yake ni kuiga hasara yake pia.

Hatua ya 5: Panga vifurushi, visizidi vitatu

Kipindi kimoja kimoja kiwe na bei ya juu kabisa, maana ndicho kinachokuvurugia ratiba. Kiweke kwa ajili ya wasafiri na wanaotaka kukaguliwa umbo la zoezi tu.

Kifurushi cha vipindi 10 kinapendwa, ila kina mtego. Kisipokuwa na tarehe ya mwisho, vipindi 10 vitavutwa miezi minne, mteja hataona mabadiliko, na lawama itakuangukia wewe. Kwa anayekuja mara mbili kwa wiki, wiki 7 zinatosha, pamoja na dharura.

Ninachokipenda zaidi ni malipo ya mwezi, ambapo mteja analipia nafasi: jumanne na ijumaa, saa ile ile, ni yake. Mara mbili kwa wiki si namba ya kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani za kuchangamsha moyo. Kwa hiyo vipindi viwili na wewe vinamaliza sehemu ya misuli, na dakika zilizobaki unampangia atembee au aendeshe baiskeli mwenyewe. Ukimweleza hivyo, kifurushi kinaacha kuonekana kama njia ya kumkamua.

Lakini angalia kalenda. Vipindi 2 kwa wiki kwa wiki 52 ni 104. Kocha anayetoza mwezi kama vipindi 8 anapokea malipo ya vipindi 96, na vile 8 vilivyobaki anavitoa bure bila kujua. Njia rahisi ni kuandika kwamba mwezi ni wiki nne kamili, vipindi 8, na zile wiki nne zinazozidi kwa mwaka ni mapumziko yako, zimetangazwa mapema. Likizo umeipata bila kumwomba mtu.

Kundi dogo ndilo linalookoa makocha wengi. Watu wanne, kila mmoja akilipa asilimia 40 ya bei ya peke yake, wanakupa asilimia 160 kwa saa ile ile. Nao wanapata kocha kwa chini ya nusu ya bei. Wakizidi watano au sita, hata hivyo, unaanza kupoteza lile jicho tulilolisema, na hapo umekuwa mwalimu wa darasa, kazi nzuri lakini nyingine.

Ukifundisha mtandaoni, andika idadi: mpango mpya kila baada ya wiki nne, video tatu za kukaguliwa kwa wiki, ujumbe unajibiwa ndani ya siku moja ya kazi. Neno "muda wowote" lisiwepo. Atakuandikia saa sita usiku kuuliza kama anaweza kula ndizi.

Unapoviweka mbele ya mteja, anza na kikubwa. Wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walionyesha mwaka 1974 jinsi namba ya kwanza mtu anayoisikia inavyovuta makadirio yake yanayofuata. Ukianza na cha bei ndogo, vingine vyote vitaonekana vimepandishwa. Hakikisha tu kwamba hicho kikubwa ni huduma ya kweli ambayo mtu akiichagua leo utafurahi kuitoa.

Hatua ya 6: Masharti yawe kwenye maandishi

Ukurasa mmoja unatosha, mteja asaini au ajibu "nimekubali" kwenye ujumbe. Malipo yanatangulia kipindi. Kuahirisha ni angalau saa 24 kabla ya kipindi. Chini ya hapo kipindi kimehesabiwa. Akichelewa, kipindi kinaisha kwa wakati wake. Wewe ukiahirisha ghafla, unamlipa kipindi. Akiugua kwa muda mrefu na ana cheti cha daktari, siku zinasogezwa. Pesa inarudishwa katika hali zipi, andika.

Pamoja na karatasi hiyo, mpe dodoso la afya kama PAR-Q+ alijaze kabla ya zoezi la kwanza. Ni la usalama kwanza. Lakini pia mteja anayejaza dodoso, anayeulizwa dawa anazotumia na jeraha la zamani, anaona amefika kwa mtaalamu, na bei ikija baadaye inamkuta ameshaona hivyo.

Sharti la saa 24 ndilo gumu kulisimamia, hasa kwa mteja unayempenda. Msamehe mara ya kwanza, na mwambie wazi kwamba umemsamehe: "Leo nakiacha, ila kwa utaratibu wetu kilikuwa kimehesabiwa." Ukisamehe kimya kimya, hajui kama kuna kitu umempa.

Hatua ya 7: Taja namba, kisha nyamaza

Usitaje bei kabla hujamsikiliza. Dakika kumi za maswali kwanza: anataka nini, alishajaribu nini, kwa nini aliacha, siku zipi ana nafasi. Halafu:

"Kocha, ni kiasi gani?"

"Kwa ulivyonieleza, mara mbili kwa wiki inakufaa. Ni 200 kwa mwezi. Humo kuna vipindi vinane, mpango wa kufanya mwenyewe siku nyingine, na kila wiki ya nne tunapima upya."

Nukta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimya wa sekunde tano unawashinda, wanaanza kuujaza: "...lakini tunaweza kuongea", "...najua hali ngumu sasa hivi". Mteja alikuwa anapiga hesabu tu kichwani. Mwache apige. Kunywa maji kama mikono inakuwasha.

"Mbona juu hivyo? Kuna kocha mwingine kaniambia 120."

"Inawezekana kabisa, dada. Sijui yeye anajumuisha nini. Kwangu 200 ni hayo niliyokutajia. Ukitaka kuanza na kidogo, nina kundi la watu wanne, 80 kwa mwezi, jioni."

Hakumsema vibaya mwenzake, hakushusha bei, na mteja ana mlango mwingine. Zingatia kwamba kilichopungua ni huduma. Bei ya nafasi ya peke yake imebaki palepale.

Neno "ghali" lina maana zaidi ya moja, sikiliza ni ipi. Kuna anayesema hivyo kwa kuwa kweli hana. Huyo mwonyeshe kundi au mpango wa mtandaoni, kwa heshima, bila kumfanya ajieleze. Kuna asiyeona bado anapata nini; huyo mrudishe kwenye lengo lake na kwenye ile rekodi ya vipimo. Na kuna anayesema kwa mazoea, kila anaponunua kitu lazima aombe apunguziwe. Huyo tabasamu, useme "bei ndiyo hiyo", na mara nyingi atalipa siku hiyo hiyo.

Fanya mazoezi ya kuitamka, na nasema hivi bila mzaha. Wewe ndiye unayewaambia watu kwamba misuli hujengwa kwa marudio. Sema "mia mbili kwa mwezi" kwa sauti, ukiwa unatembea, mpaka isikike kawaida kama unavyosema "pumua".

Wako watakaokwambia usihangaike na haya yote, kizuri chajiuza. Methali hiyo naipenda, ila sijaona ikilipa kodi ya ukumbi. Kocha mzuri anayeficha bei yake humwacha mteja akisie, na wengi hukisia kwamba hawaimudu, wanaondoka bila kuuliza.

Hatua ya 8: Kabla ya kutoa punguzo, piga hesabu

Chukua kipindi kimoja cha 100, ambacho 30 yake inaenda kwa ukumbi na nauli. Unabaki na 70. Toa punguzo la asilimia 20: sasa unapokea 80, ukumbi na nauli havijapungua, unabaki na 50. Mteja amepata punguzo la 20, wewe umepungukiwa na karibu 29 katika kila 100 uliyokuwa unabaki nayo. Ili urudi ulipokuwa, unahitaji vipindi asilimia 40 zaidi. Kama vilikuwa 20 kwa wiki, sasa ni 28. Hivyo nane vya nyongeza utaviweka saa ngapi?

Ukitaka kutoa, basi punguzo libadilishane na kitu: amelipa miezi mitatu mbele, amekubali saa za mchana ambazo huwa hazina mtu, au amekuja na mwenzake wagawane kipindi. Punguzo la "basi tu" lina tabia ya kusimuliwa, na wiki ijayo wateja wako wawili watalinganisha malipo wakiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo.

Ndugu na marafiki waandalie utaratibu mapema, kabla hawajaomba. Kwa mfano, nafasi mbili kwa mwaka za nusu bei, zikijaa zimejaa. Ni rahisi kusema "nafasi hizo zimeshachukuliwa" kuliko kumkatalia shemeji ana kwa ana.

Hatua ya 9: Pandisha bei bila kuomba radhi

Dalili zipo. Asubuhi na jioni zimejaa na kuna watu wanasubiri nafasi. Kila mteja mpya anakubali papo hapo, hakuna hata mmoja anayesema "ngoja nifikirie." Gharama zimepanda na sakafu yako imepanda nazo. Umepata ujuzi mpya. Hata bila dalili, rudia hesabu ya hatua ya 2 mara moja kila mwaka.

Anza na wateja wapya. Hawajui bei ya zamani, na watakupa nafasi ya kuizoea namba mpya mdomoni. Baada ya mwezi mmoja au miwili, waandikie wa zamani:

"Habari dada. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi utakaofuata baada ya ujao, malipo ya mwezi yatakuwa 230 badala ya 200. Huduma unayopata inabaki vilevile, na vipindi ulivyokwisha kulipia havibadiliki. Ukitaka tuangalie ratiba nyingine inayokufaa, niambie kabla ya tarehe 20 mwezi huu."

Huo ndio ujumbe wote. Usiandike aya tatu za bei ya mafuta na hali ya uchumi. Maelezo marefu yananuka hatia, na kila sababu unayoitoa inamkaribisha mteja aibishie. Mtumie kila mmoja peke yake, si kwenye kundi la ujumbe, ambako mmoja akinung'unika wote wananung'unika.

Hofu ni kwamba watakimbia. Piga hesabu ya hofu hiyo pia. Umepandisha asilimia 15, ulikuwa na vipindi 20 kwa wiki. Viwili vikiondoka unabaki na 18, na 18 kwa bei mpya ni sawa na 20.7 kwa bei ya zamani. Umepata zaidi kidogo, na saa mbili zimerudi mikononi mwako, pengine zile za jioni zenye foleni. Wakiondoka wanne, mapato yanashuka: 16 kwa bei mpya ni sawa na 18.4. Kwa hiyo uwe na watu kwenye orodha ya kusubiri kabla ya kutuma ujumbe, au pandisha kidogo kidogo, asilimia 5 hadi 8 kila mwaka, badala ya kukaa miaka minne kimya halafu kuruka.

Atakayeondoka kwa sababu ya bei, mkabidhi rekodi zake: uzito aliofikia kwa kila zoezi, vipimo vya mwanzo na vya mwisho, na mpango wa wiki nne wa kuendelea nao peke yake. Mwandikie tarehe ambayo kundi la jioni litakuwa na nafasi. Halafu, siku hiyo hiyo, mpigie wa kwanza kwenye orodha na umtajie 230.